Hodi Saba

Kwetu Newala hodi ni tatu.
Ya kwanza unaamsha, ya pili unajitambulisha,
ya tatu, wakinyamaza, unageuza ndala zako
na hakuna anayeandika popote kwamba ulikuja.

Mimi nilibisha saba.

Mota ya mashine iliungua Jumanne,
makopa ya Bi Nampoto yakiwa nusu mdomoni mwake.
Fundi wa Masasi alitaka laki nane na nusu.
Mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua.

Basi usiku, chini ya shuka, nikabonyeza:
nyota, namba, reli.
*Samahani, hujakidhi vigezo.*
Nikabonyeza kwingine. Samahani.
Kesho yake ofisi ya vioo pale stendi,
keshokutwa wale wa fulana za kijani,
kisha laini ya pili, kitambulisho kilekile.
Nilijiambia kuomba si kukopa,
mkono uliorudi mtupu haudaiwi na mtu.

Mwezi wa nane nikashuka Mtwara, benki yenyewe,
na hati ya kiwanja, na leseni,
na daftari la wateja nililolipangusa unga kwa khanga.
Kijana wa dirishani, Nandonde,
aligeuza kompyuta yake kidogo, kwa huruma, nione:
tarehe, jina langu, tarehe, jina langu,
nyayo ambazo hata masika hayazifuti.

"Mama, miezi miwili, maombi saba.
Nani anakufukuza?"

Hakuna. Na sikupewa hata shilingi.

"Najua. Ila anayesoma hapa haioni mota.
Anaona mtu anayekimbia."

Nikakosa la kusema. Nikatazama kiyoyozi
kikidondosha maji kwenye ndoo;
ndoo ilikaribia kujaa, na hakuna aliyeijali.
Newala maji yale yana bei.

"Kaa miezi sita bila kuomba popote," akasema,
kama daktari anayekataza chumvi.

Nilipofika kileleni, ukungu umeshuka, simu ikatetemeka:
*Mteja mpendwa, jaribu tena sasa.*
Kidole kilikuwa kimeshafika.
Nikakirudisha, nikakifunga kwenye pindo la khanga
pamoja na nauli iliyobaki.

Leo asubuhi Bi Nampoto alisimama mlangoni,
beseni la makopa kichwani,
kuuliza kama mashine imepona.
Hodi.
Hodi.
Hodi.

Nilikaa ndani, nimebana pumzi,
mpaka nikasikia ndala zake zikigeuka.