Usiiname

Kamba ya kiatu cha Rayén ilifunguka
jua likizama, kwenye kona ile
ambapo njia hukiacha kijito na kuingia msitu wa lenga,
majani yakiwa yameanza kushika wekundu, Aprili hiyo.
Tulikuwa tumechelewa. Kosa la kwanza, na ni langu:
nililala nyasini baada ya chakula, kofia usoni,
jua la Aysén lilipokuwa bado na huruma.

Mwanangu alikuwa mbele, hatua sita au saba.
Kosa la pili.
Shangazi Otilia, aliyefuga kondoo bondeni humu miaka arobaini,
alikuwa ameniambia mlangoni, akikata jibini:
"Mtoto akae kati, hata kama mko wawili."
"Kati ya nini na nini, Shangazi?"
"Kati ya mkono wako na ubavu wako."

Nikamwita asimame. Nikakunja goti.
Na goti likiwa nusu ya safari yake kwenda chini
nikaliona gogo, kule juu ya njia,
lina masikio.

Puma hana haja ya kunguruma.
Simba mwenda kimya ndiye mla nyama,
na huyu hakuwa hata anaenda. Alitulia
kama mtu anayesoma bei kwenye dirisha la duka.
Rangi ya nyasi kavu. Mkia mzito, ncha yake tu
ikiandika kitu, ikifuta.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami nimeinama maisha yangu yote:
kwa kondoo wa kunyoa, kwa viazi,
kwa tajiri Etcheverry siku ya mshahara,
kwa jeneza la mke wangu.
Lakini machoni pa puma aliyeinama si mtu.
Ni mgongo. Ni guanako mchanga aliyeshusha kichwa anywe.
Nikalirudisha goti juu, polepole,
kama anayerudisha noti aliyotaka kuiba.

"Rudi kinyumenyume," nikasema. "Usikimbie,
usinigeukie mimi. Mtazame yeye."
"Kamba imefunguka, Baba."
"Iache."
"Nitajikwaa."
"Inua miguu kama jogoo. Iache!"

Alikuja, akipapasa njia kwa visigino.
Nikambana ubavuni, nikafungua koti,
koti la njano la marehemu mama yake, lenye kiraka,
nikalitandaza pande zote.
Tukawa mnyama mmoja, mpana, wa vichwa viwili.
Nikapiga kelele. Sikujua nipige kelele ya nini,
nikanadi sufu kama siku ya mnada, bei ya uongo,
naye Rayén akapaza jedwali la shuleni:
"Saba mara saba, arobaini na tisa!
Saba mara nane, hamsini na nne!"
"Na sita!" nikanguruma. "Hamsini na sita!"

Puma alitusikiliza mpaka saba mara tisa.
Kisha akashuka upande wa pili
bila jani hata moja kulalamika,
na kutoonekana kwake kukawa kubaya kuliko kuonekana.
Tulirudi tulikotoka, mgongo kwa mgongo,
mpaka kibanda cha wachungaji, tukakomea.

Asubuhi Otilia alifika na farasi na mbwa kwenye kamba fupi.
Akatuonyesha kwa kidole, hakusogea:
lundo la majani, na ukwato wa kulungu ukichungulia,
hatua kumi kutoka pale nilipotaka kupiga goti.
"Hamkuwa chakula," akasema.
"Mlikuwa wezi mlangoni mwa ghala."

Ila hayo ni ya asubuhi. Usiku ule,
komeo likiwa mahali pake na moto umeshika,
ndipo nilipopiga goti.
Kamba ilikuwa imelowa, imejaa mbegu za nyasi,
na vidole vyangu vikakataa.
Rayén akanisogeza kidogo kwa bega,
akainama mwenyewe, akafunga mafundo mawili.

"Saba mara nane," akanong'ona, bila kunitazama,
"hamsini na sita."