Lakiri ya Risasi

Orrin Haugland kaileta pampu ndani ya ndoo ya maziwa,
kaiviringisha taulo kama mtoto njiti.
"Nataka farasi mia tano," kasema,
theluji ya Dakota ikimyeyukia mabegani.

Farasi hawalali kwenye pampu, nikamwambia.
Pampu ni upawa tu. Tumbo ni la injini.
Ukipakua kuzidi pumzi ya turbo
utapata moshi, mweusi, wa kushangiliwa jukwaani,
na pistoni iliyotoboka katikati.

Alikuwa na nyingine garini, ya mzunguko, nyepesi.
Nikaipa mgongo: hiyo ukiikamua hukauka koo.
Hii ya mstari ndiyo pampu,
plunja sita zimesimama wima
kama kwaya ya Kilutheri Jumapili ya baridi,
na mshahara wangu ni kuhakikisha
hakuna anayemzidi mwenzake sauti.

Nikaifunga benchini. Kabla ya spana, koleo:
juu ya skrubu ya kikomo kuna lakiri ya risasi,
na juu ya lakiri, herufi mbili za Einar,
mume wangu, huu mwaka wa kumi na moja yu kaburini.

Naikumbuka siku ile. Palmer, babake Orrin,
kauza mitamba mitatu, kaja na noti zimelowa jasho:
"Nifungulie yote."
Einar kajifungia karakanani hadi usiku.
Kisha misimu tisa trekta la Palmer
likavuta tela la uzito hadi kigingi kilekile, likakwama,
naye akalaani tope, matairi, na mchungaji aliyelibariki.

Nikakata.
Rangi ya kiwandani haijachubuka.
Hakuna spana iliyowahi kugusa pale.

Ewe Einar, mwizi wangu!
Mitamba mitatu kwa mkono usiofanya kitu.
Na injini za majirani zikapasuka moja moja,
ya Palmer ikabaki, ikalima, ikarithiwa.

"Baba alikuwa nao wangapi?" Orrin akauliza mlangoni.
Benchi lilikuwa likinguruma. Nikajifanya kiziwi;
sikio la upande ule, hata hivyo, lilishakufa.

Nikazungusha zamu moja na robo.
Nikasoma mirija. Nikarudisha robo.
Springi za gavana nikabadili, taimingi digrii nne mbele,
kisha nikayeyusha risasi, nikagonga herufi zangu.

Risitini nimeandika: imeongezwa.
Kiasi sikuandika.