Mlango wa Bulugu

Mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu, huku juu Mabatini.
Miaka kumi na mmoja nashika daftari la mahudhurio,
jalada gumu, mistari myekundu niliyoipiga kwa rula.
Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda mawe,
nasoma majina. Nkwimba? Yupo. Restituta? Yupo.
Sospeter Bulugu?
Jogoo wa jirani ndiye huitikia.

Naandika H. Hayupo.
H chini ya H chini ya H,
hata safu yake imekuwa kama ngazi
iliyoegemezwa pasipo na ukuta.

Ni mpakuaji wa magunia, mwalo wa Kirumba.
Akija misani, dagaa huingia naye.
Hukaa benchi la nyuma, penye miavuli iliyolowa,
na wenye mashati ya pasi husogea kidogo,
kila mmoja akijifanya anatafuta kitabu.
Nami nilisogea. Nisiseme uongo mbele ya karatasi.

Kisha usiku ule wa Machi,
ziwa lilipoamka likapanda mlima na ngurumo zake,
Leokadia wangu akashikwa na uchungu kabla ya siku zake.
Huku kwetu gari halifiki. Bajaji huishia chini, kwenye lami;
kuanzia hapo ni jiwe juu ya jiwe, nyumba juu ya jiwe,
na njia ya mbuzi iliyogeuka mfereji.
Nilisimama na tochi ya simu, nikisali kwa sauti.
Sala ilikuwa nzuri, imepangika,
ila haikuwa na mikono.

Akatokea Bulugu, mlango kichwani.
Mlango wa nyumba yake, rangi ya bluu,
namba ya sensa ingali pale kwa chaki.
"Mlaze hapa, katibu. Shika upande wa kichwa."
Nyuma yake vijana wawili
ambao majina yao sijawahi kuyaandika popote.

Tukashuka. Yeye mbele, chini, uzito wote ukimwelemea,
pekupeku, akiyasoma mawe kwa nyayo:
hapa panateleza,
hapa ruka,
hapa ndipo mzee Magesa alipotaka kutuponyoka.
Ndipo nikajua.
Kuna Jumamosi nilizoita jina lake
naye yuko kwenye benchi la hospitali,
anasubiri arudishiwe mlango.

Wapo wanne waliombeba aliyepooza,
wakatoboa paa wamshushe mbele ya Bwana.
Majina yao hayakuandikwa.
Somo hilo nimelifafanua mara ngapi pale jumuiyani,
nami kila mara nikiuliza
paa la watu lilitengenezwa na nani!

Mtoto alilia kabla yangu. Kidogo tu kabla yangu.

Siku ya tatu nilikwenda kwake.
Mlango ulikuwa umelazwa juani, umeoshwa,
na pale pa kuingilia lilining'inia gunia,
upepo wa ziwa ukiingia na kutoka utakavyo.
Watoto wake walikuwa wakikohoa.
Nilileta bawaba mbili mpya, skrubu nane, bisibisi ya kuazima.
Hakuuliza. Aliunyanyua mlango, akaushikilia.
Nikakaza ya kwanza kwa nguvu zote za aibu yangu,
naye akanigusa kiwiko:

"Taratibu, katibu. Usikaze sana.
Huenda leo usiku tukauhitaji."