Tuligeuka

Asubuhi ile ziwa lilikuwa bati jipya.
Apondi alifunga kamba za jaketi lake,
akafungua, akafunga tena.
Mimi nilihesabu: makasia mawili na moja la akiba,
filimbi, kopo la kukumbia maji,
simu ndani ya mfuko wa unga uliokazwa kwa mpira.
Mume wangu tulimwachia karatasi chini ya kikombe:
*Tunavuka Takawiri. Saa saba tusipopiga simu
usingoje saa nane.*

Hatukusema hakuna hatari.
Tuliiandika pale, kwa kalamu ya mtoto ya kijani,
tukatia sahihi wote wawili.

Kayaki zetu tulimnunulia daktari mmoja
mradi wake ulipokwisha akarudi kwao.
Yangu ya rangi ya chungwa. Ya Apondi ina kiraka tumboni,
kipande cha ndoo kilichoyeyushwa kwa moto wa makaa.
Kolunga ikabaki nyuma, na omena zake
zikimeta juu ya nyavu kama sarafu za maskini.

Katikati, pale maji yanapovutana huku na huku,
Apondi akaacha kupiga kasia.
"Unaliona?"
Kusini, juu ya milima ya Gwassi,
wingu dogo kama ngumi ya mtoto aliyeachishwa ziwa.
Saa nne kasorobo. Hata unywele haukutikisika.

Bega langu la kushoto liliniuma tangu tuache ufuo.
Nilikuwa nimeficha. Nikasema.
Naye akasema magoti yake yamelowa,
kiraka kinalia.

Wingu, bega, kiraka.
Kimoja kimoja ningevisamehe.
Vilipokaa pamoja mkeka mmoja
niliona ni kikao, na ajenda ni sisi.

Takawiri ilikuwa karibu, jamani.
Nilimwona mtu akianika shuka la bluu,
nikaona pindo lake.
Maji hayana uongo mtamu kuliko huo: karibu.

Tuligeuka.

Na mvua haikunyesha.
Wingu liliyeyuka kabla ya saa sita,
ziwa likalala bati vilevile hadi machweo.
Vijana wa Kolunga wakatupokea kwa miluzi:
"Mama, mmesahau sufuria jikoni?"
Kwa mwoga huenda kicheko, walishasema.
Basi kimefika. Nilikipa kiti na uji.

Usiku, bega likinuka mafuta ya mkaratusi,
nilirudi tena pale katikati, nikatazama upya.
Wingu halikuwa limeniambia litakwenda wapi.
Nilichokuwa nacho mkononi ni kile kile:
bega, kiraka, saa nne kasorobo.
Nikageuka tena, kitandani,
nikalala.

Leo Apondi ameyeyusha ndoo nyingine,
uani kwake kunanuka plastiki.
Jumamosi tunavuka.
Karatasi nimeshaiandika,
imebaki kujaza saa.