Ndara ya Mguu wa Kushoto

Saa nne kamili tuwe tumeshatoka,
alisema Bi Dinka, akaigonga saa ya ukutani kwa ukucha
ili lugha isije ikatuangusha.

Radim anainua sanduku, analirudisha chini.
“Humu mmetia nguo au mmetia kisiwa?”
Nafungua: kokoto,
kokoto ndani ya soksi, ndani ya kofia,
kokoto moja imeviringishwa kwenye sidiria yangu kama yai.
Naacha tatu. Nyingine nazirudisha uani
nikiwa nimewapa watoto mgongo.

Kifungua kinywa ni kilichobaki:
nusu tikiti, mayai matatu,
siagi yenye alama za vidole ambavyo kila mtu anavikana.
Tunakula wima, juu ya sinki, kama wezi.
Sinki hili nalijua sasa kuliko ninavyoijua bahari.
Likizo ya mama, nimejifunza,
ni kuosha vyombo vilevile mbele ya dirisha jingine.
Lakini dirisha lenyewe! Mtini, ukuta mweupe,
na kipande cha buluu kisichozidi leso.
Siku kumi nimekitazama nikisugua masufuria,
na sikukichoka.

Hynek ana miaka mitatu. Anaaga.
Kwaheri friji. Kwaheri ngazi.
Kwaheri choo,
na hapo anavuta maji, ili choo kimjibu.
Kwaheri paka. Kwaheri paka mwingine.
Kwaheri ile nyuki iliyoniuma.

Dada yake haagi kitu.
Apolena jana alioga baharini mara ya mwisho,
kisha mara ya mwisho kabisa,
kisha ile mara yenyewe, midomo ikiwa ya zambarau.
Leo amevaa gauni la safari kwa utiifu unaonitia shaka:
shingoni chomozo la kamba ya vazi la kuogelea.
Sijaona kitu.

Bi Dinka anahesabu vijiko. Vimetimia.
Anahesabu watoto pia, kwa kuwagusa vichwa,
halafu anatutilia garini chupa ya mafuta ya zeituni
ambayo hatukuiomba wala hatuna pa kuiweka.

Na ndipo mjukuu wake, Jakov, akaja mbio mteremko mzima,
miguu mitupu, mkono juu,
ameshika ndara.

Siku ya pili bahari ilimvua Apolena ndara ya kushoto.
Akalia hadi usingizi.
Ya kulia tukaitunza mlangoni,
wiki nzima ikimngoja mwenzake.
Leo alfajiri nikaitupa, mimi, kwa mkono wangu huu,
na saa mbili gari la taka likapita.

Jakov ameipata chini ya gati, mkanda umeota mwani.
Radim akanitazama. Nikatazama mtini.
Apolena akaivaa, akaruka kwa mguu mmoja,
akasema “hvala”, neno lake pekee la huku,
na kijana akawa mwekundu hadi masikioni.

“Mama, nyingine iko wapi?”
“Sandukuni,” nikasema. “Chini kabisa, penye kokoto.”
Uongo huo lazima uvuke feri hadi Split,
uvuke Slovenia, uvuke Austria usiku,
ufike Olomouc ukiwa mzima.
Njiani nitatafuta wa kuurithi.

Nikamfunga Hynek mkanda, nikafunga mlango,
nikazunguka nikakae upande wangu.
Hatua sita tu.
Kupitia kioo nikamwona amenyanyua kiganja.

“Kwaheri mama.”

Orodha yake haikuwa imeisha, basi.
Radim alishawasha gari.
Nikasimama pale juani, mafuta ya watu mkononi,
nikampungia.