Daftari la Waazimaji

Mnyambe, ghala la zamani la korosho,
mlango wa bati, kufuli isiyofunga.
Bi Somoe Likwachala huizungushia kamba ya katani
akaenda zake kuswali.
"Mwizi wa kitabu," husema, "akishakisoma
ataona haya mwenyewe."

Vitabu mia tatu na kumi na viwili.
Rafu ni mbao za makreti ya soda,
na harufu bado ile ile ya magunia.

Landrova ya wilaya ndiyo iliyovileta,
enzi watu wazima walipoketishwa mbele ya ubao
na penseli zikawavunjikia mikononi
kama vijiti vya kiberiti.
Wanawake walipanda kutoka bondeni kuchota maji,
wakapanga ndoo nje kwa foleni,
wakaingia kusoma kwa sauti: baba analima,
na baba, kusema kweli, yuko kilabuni.

Kisha ikaja miaka ya kukosa.
Mafuta ya taa hakuna, sabuni hakuna,
na karatasi iliyoandikwa ikawa ya kufungia karanga:
nusu ya historia ya dunia iliondoka hivyo,
kifuko kwa kifuko, ikinuka chumvi.
Mchwa wakamalizia jiografia.
Chama cha msingi kikadai ghala lake,
na Somoe, msichana wa darasa la saba,
akavibeba vilivyosalia kwa beseni, safari kumi na nne,
akavilaza chini ya godoro la bibi yake,
aliyelalamika miaka sita
kwamba elimu inamchoma mbavu.

Fungua chochote. Pembeni utaona madoa ya kahawia:
mafuta ya maganda, vidole vya wabanguaji.
Wala usiulize kipi kitamu.
Ukurasa uliochafuka ndio uliopendwa;
mweupe, upite tu.

Mimi nilikuja na changu ndani ya kanga ya marehemu mama.
Ufugaji wa nyuki, kurasa tisini, jalada hakuna.
Nilikikuta sandukuni baada ya arobaini ya baba.
Baba hakufuga nyuki.
Baba aliogopa hata nyigu.

Bi Somoe akashusha daftari, akalamba kidole,
akarudi nyuma, nyuma,
mpaka wino ukawa rangi ya chai.
Abilahi Chinduli. Ufugaji wa nyuki.
Penye sahihi, dole gumba.
Penye kurudishwa, pengo.

"Faini senti tano kwa siku," akasoma ukutani,
nami nikatoa simu nikaanza kupiga hesabu.
"Acha. Senti tano yenyewe ilishazikwa."

Akafunua kitabu.
Ukingoni, kwa penseli, kando ya mchoro wa mzinga:
Abilai. Abilai. Abhali.
Ukurasa wa ishirini, h imeanguka chali kama mende.
Ukurasa wa arobaini imesimama,
ila haijajua jirani yake ni nani.
Na kurasa nyingine hakuna kitu, labda ni msimu wa palizi,
labda ni mwezi niliozaliwa mimi.
Ukurasa wa sitini na tatu,
penye malkia na mayai yake:
Abilahi.
Amekandamiza hata penseli ikatokea upande wa pili.

Hatukusemezana.
Nje watu waligombania mizani,
mmoja akiapa kwamba kilo zake zimeliwa.
Bi Somoe akachukua peni,
akaandika tarehe ya leo kwenye lile pengo,
akasimama, akaipita rafu ya kilimo,
akaupita ufugaji,
akainama kwa shida, goti likalia,
akakisukuma chini kabisa,
katikati ya vitabu vya kisomo.