Daftari la Getini

Saa kumi na nusu king'ora kikilia
wanajipanga, nami napekua.
Mikoba, makopo ya chakula, pindo za kanga,
soli za viatu, mistari ya nywele zilizosukwa:
mbegu ya nyanya haimshindi chawa kwa ukubwa,
na gramu moja ya hii yetu, alisema Yosti,
Mholanzi wa vitalu,
mshahara wangu wa wiki hauigusi.
Kwa hiyo napekua hata chini ya kucha.

Nina daftari. Jina. Saa. Alichotoka nacho.
Safu ya tatu huwa naandika: hana kitu.

Anandumi Akyoo alikaa miaka sita kitalu namba nne.
Kazi yake kuhasi maua:
kibano cha chuma, ua kabla halijafunguka,
anang'oa udume wake wote bila kulichubua,
kesho yake asubuhi anarudi na chavua ya baba mwingine
ndani ya kichupa,
anapaka, anafunga uzi mwekundu, anaandika tarehe.
Maua mia nane kwa siku.
Mgongo ulimuuma, macho yalichoka,
na pesa, tusidanganyane, ilikuwa ya mboga.

Siku aliyoacha kazi nilimpekua mara mbili.
Yosti alisimama pale pale, mikono nyuma.
Kitenge, chupa ya chai, kitabu cha nyimbo za kanisani.
Nikaandika: hana kitu.

Hana kitu! Mimi huyu!

Kumbe alitoka na saa ambayo ua hukubali.
Alitoka na kunawa mikono kabla ya kugusa jani,
na kuujua ugonjwa ungali doa, haujawa msiba,
na kuyahesabu maji kwa tone,
na ule ubishi wa kuandika kila siku
hata siku ambayo hakuna la kuandika.
Vyote vilikaa vidoleni, na vidole vyenyewe
nilivitazama kucha tu.

Sasa nenda Maji ya Chai, nyuma ya mashine ya kusaga,
utaona nailoni imetandazwa juu ya mianzi.
Mwanzo walimcheka: nyanya zimevalishwa koti la mvua!
Nanyaro ndiye aliyecheka mpaka akakohoa.
Ukaja msimu wa ukungu, shamba lake likaungua
jeusi, kama limemwagiwa oili chafu,
na Anandumi akavuna matenga thelathini
pale pale mama yake alipozoea kumi na moja.
Jioni moja Nanyaro akabisha hodi, kabeba mkungu wa ndizi.
Akaonyeshwa. Naye akamwonyesha shemeji yake wa Kikatiti,
akikosea hapa, akiongeza chumvi pale,
ndivyo habari zinavyosafiri.
Jumamosi sokoni Tengeru
nimesikia wauza nyanya wakibishana juu ya chavua.

Yosti alinuna, ndiyo. Miezi mingi.
Kisha pampu ikaharibika, miche yake ikakauka trei kwa trei,
akampigia Anandumi simu
kuulizia bei.

Akaja na pikapu, akashusha kioo.
Sheria ni sheria: wakati wa kutoka nikapekua.
Trei tupu. Risiti. Kibano kile kile, cha kwake sasa.
"Elirehema," akasema, "miaka kumi na moja getini.
Wewe umetoka na nini?"

Nilifungua geti.
Ujuzi umenipita begani kila jioni,
ukinisalimia kwa jina,
nami nimeshika rungu.

Mali bila daftari huisha bila habari;
hilo, walau, silihitaji kufundishwa.
Nimechukua daftari la zamani, zile kurasa za nyuma.
Nyumbani nina miche arobaini, amenikopesha,
na tochi ya simu, na mkono unaotetemeka
ukilisogelea ua.

Jina: nyanya.
Saa: kumi na mbili asubuhi.
Safu ya tatu
bado sijaijaza.